Namna ya Kutoa Pesa ya Minervali Bila Kukatwa Njiani: Mwongozo kwa Wazazi wa Kisangani

Mzazi wa Kisangani hahitaji kufundishwa kuweka akiba. Mama anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, Soko Kuu anaweka kila siku, na baba anayekanyaga toleka, baiskeli ya abiria, anaweka kila jioni akiisha kumlipa mwenye baiskeli. Kuweka tunajua. Kinachotushinda ni kutoa. Pesa iliyolala miezi kumi bila kuguswa inatoka asubuhi, na jioni imekwisha kuwa mfuko wa saruji wa shemeji, mchango wa jeneza, dawa za mtoto wa jirani na deni la duka. Mtoto anabaki na jina lake kwenye orodha ya waliokubaliwa chuoni, bila bordero, karatasi ya malipo ya benki, ya kuonyesha.

Kuna nchi ambazo zimeiandikia siku hiyo sheria nzima. Marekani wana vifungu vinavyosema ni pesa gani ikitolewa kwa ajili ya masomo haikatwi kodi, na ni ipi ikitolewa kwa kingine inakatwa na kuadhibiwa juu. Kwetu serikali haijaandika sheria ya namna hiyo kwa akiba ya masomo, lakini siku ya kutoa tunakatwa vilevile. Anayekata ni ukoo. Kodi yake haina ofisi wala risiti, ila kila mtu kutoka Mangobo hadi Lubunga anaijua, na hakuna aliyewahi kuikwepa kwa kuzima simu.

Mwongozo huu ni wa kuilipa kodi hiyo kwa haki, mahali pake, bila kuilipa kwa pesa ya mtoto.

Hatua ya 1: Wajue watoza kodi wako wawili

Wa kwanza ni serikali. Kama una mshahara, mwajiri wako anakata IPR, kodi ya mishahara, kabla pesa haijakufikia, na kuipeleka DGI, idara ya kodi ya serikali. Ukinunua bidhaa dukani penye risiti, unalipa TVA ya 16%, kodi ya ongezeko la thamani iliyoanza kutumika Januari 2012. Lakini ada ya shule au ya chuo kilichoruhusiwa kisheria haitozwi TVA. Serikali imekwisha chukua fungu lake wakati ulipokuwa unatafuta pesa. Kwenye dirisha la chuo haikukati tena.

Wa pili ni ukoo, na huyu hakati wakati wa kutafuta. Anangoja pesa iwe nyingi, iwe mahali pamoja, na iwe imeonekana. Pesa ya minervali, yaani ada ya chuo, ina sifa hizo zote tatu kwa siku moja tu katika mwaka. Ndiyo maana siku hiyo tunapata wageni.

Mzigo wa minervali haukuwa wa wazazi tangu mwanzo. Chuo chetu kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963 kama Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kikamezwa na UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa, mwaka 1971, kikasimama tena peke yake mwaka 1981 kwa jina la UNIKIS, Chuo Kikuu cha Kisangani. Wengi waliosoma katika miaka hiyo walikuwa na bursari ya serikali. Miaka ya 1990 hazina ya nchi ilianguka, walimu wakagoma, na wazazi wakaanza kuwalipa wenyewe ili madarasa yasifungwe. Ilikuwa dawa ya muda, ikageuka desturi. Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba kinachosema shule ya msingi ya umma ni ya bure. Sekondari, mtihani wake wa mwisho wa Exetat, na chuo vimebaki begani mwa mzazi, na mzazi huyo anakutana na kodi ya ukoo akiwa peke yake.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kodi ya ukoo kabla ya kuilaumu

Wengi wanadhani kodi hii haipimiki. Imepimwa. Watafiti wawili, Pamela Jakiela na Owen Ozier, walifanya jaribio vijijini Kenya, na matokeo yakatoka mwaka 2016. Waliwapa watu pesa ya kuwekeza, wengine kwa siri, wengine wakijua kwamba watakachopata kitatangazwa mbele ya watu. Wanawake waliojua kwamba watatangazwa walichagua njia yenye faida ndogo mradi tu pesa ifichike. Wengine walikuwa tayari hata kulipa ili wasitangazwe. Kwa hesabu ya watafiti, wanawake hao walijiendesha kana kwamba wanatarajia kukatwa zaidi ya 4% ya kila kinachoonekana, na kiwango hicho kilikaribia kuwa mara mbili pale ndugu walipokuwapo na kuona pesa kwa macho yao.

Sasa chukua karte ya akiba ya mama wa Soko Kuu. Ni kipande cha karatasi ngumu chenye visanduku 31, kingo zimelainika kwa jasho na chumvi ya makayabu, na anaitunza chini ya kitambaa anachokalia. Kila jioni mkusanyaji anapita, anachukua kiasi kilekile, anatia alama kwenye kisanduku kimoja. Mwisho wa mwezi mama anarudishiwa malipo ya siku 30, na ya siku moja yanabaki kwa mkusanyaji. Kama anaweka faranga 1,000 kwa siku, ametoa 31,000 na kupokea 30,000. Benki ingemlipa yeye riba; hapa analipa yeye. Wasomi wengi wamemcheka mama huyu kwa sababu hiyo.

Wapige hesabu kwanza. Siku moja kati ya 31 ni kama 3.2%. Kodi ya ukoo katika jaribio la Kenya ni zaidi ya 4%, na karibu mara mbili ya hapo ndugu wakiona. Kama viwango vyetu vinafanana na hivyo, mkusanyaji wa karte ni nafuu kuliko kuweka pesa kwenye kabati la nyumba yenye watu kumi na wawili. Mama hajakosea hesabu. Ananunua ukuta kati ya pesa na macho ya watu, na anaununua kwa bei nzuri.

Kameruni nako watafiti Jean-Marie Baland, Catherine Guirkinger na Charlotte Mali waliandika mwaka 2011 juu ya wanachama wa vyama vya akiba waliokuwa wakikopa huku wana akiba ya kutosha kwenye chama hichohicho. Walilipa riba ili waweze kumwambia ndugu, "Hata mimi nimekopa." Mtaani kwenu mko na mtu wa namna hiyo. Msimwite mwongo. Mwulizeni watoto wake wamefika darasa la ngapi.

Hatua ya 3: Jenga sanduku la pili

Kosa kubwa la mzazi mwenye bidii ni kutangaza vita na ukoo. Anasema, "Mwaka huu simpi mtu." Halafu matanga yanaingia nyumba ya mjomba, na mtu asiyechanga kwa mjomba wake hana mahali pa kuficha uso. Atatoa, na kwa kuwa hana pesa nyingine, atatoa ya mtoto.

Kodi ya ukoo ni ya haki. Mjomba huyo huenda ndiye aliyekulipia mwaka wa kwanza wa sekondari. Ugonjwa ukiingia kwako kesho, hakuna bima itakayokuja mbio. Watakuja watu hao hao. Kwa hiyo usiifute. Ipe mfuko wake.

Vyama vya akiba vinavyoitwa AVEC vinalijua jambo hili vizuri. Mfano wake ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991 ukaenea Afrika nzima, hadi kwetu mashariki ya Kongo. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Lakini pembeni ya pesa ya hisa kuna mfuko mwingine mdogo, wa mshikamano, unaochangiwa kiasi kidogo kila kikao kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mwanachama akifiwa, anapewa kutoka mfuko huo, na hisa za wengine hazitikiswi.

Fanya hivyo hivyo nyumbani. Kwa kila faranga kumi unazomwekea mtoto, weka moja ya ukoo, kando, na uwaambie watu kwamba ipo. Mgeni akija, jibu lako liwe fupi na la kweli: "Shemeji, pesa ya mtoto imekwisha ingia chuo. Ya shida za jamaa iko, nitakupa hii, na iliyobaki tutaongea Jumapili." Anayepewa kidogo kwa heshima haondoki na uchungu wa anayenyimwa.

Hatua ya 4: Andika siku ya kutoa kabla ya kuweka faranga ya kwanza

Likelemba, yaani mchango wa zamu, ya wanawake kumi, kila mmoja akitoa faranga 10,000 kwa juma, inampa mmoja wao 100,000 kila juma. Wengi wanapiga kura ya zamu, au mwenye sauti kubwa anachukua kwanza. Wewe usiombe zamu ya kwanza. Omba zamu inayoangukia juma la kulipa. Anayepokea Machi pesa ya kulipia masomo ya Septemba amejipa miezi sita ya kuwapokea wageni. AVEC yako nayo ina mzunguko wa kama mwaka mmoja, mwishoni wanagawana. Siku mnapofungua mzunguko, simama useme wazi: tugawane mwishoni mwa Agosti, kwa kuwa shule za sekondari zinafungua mwanzoni mwa Septemba, na wenye watoto chuoni hawatakuwa mbali. Hakuna kikao kitakachokataa, maana kila mtu pale ana mtoto.

Lakini usikaze kamba kupita kiasi. Dean Karlan na Leigh Linden walifuata jambo hili katika shule 136 za msingi nchini Uganda. Watoto waliweka pesa kwenye sanduku la shule, na mwisho wa muhula wakatoa. Shule nyingine walilipwa kwa vocha inayonunua vifaa vya shule tu. Nyingine walilipwa taslimu. Ungefikiri vocha ingeshinda, kwa kuwa pesa haiwezi kukimbia. Ikawa kinyume: penye taslimu watoto waliweka zaidi. Watu hawapendi kutia pesa mahali ambapo haiwezi kuwaokoa siku ya shida. Tena, pale ambapo taslimu iliambatana na kikao cha wazazi juu ya matumizi ya akiba hiyo, vifaa vya shule vilinunuliwa zaidi na alama za mitihani zikapanda.

Jifunze mambo mawili hapo. Pesa iwe na mlango, kwa kuwa nyumba isiyo na mlango hakuna anayeingia kwa hiari. Na mlango uwe na mashahidi. Mwite mwenzi wako, mwite mtoto mwenyewe kama amefika sekondari, mwambie kiasi na tarehe. Mtoto anayejua kwamba zamu ya mama yake ni juma la pili la mwezi ni mlinzi mzuri kuliko kufuli tatu.

Hatua ya 5: Weka kwa pesa ile ambayo chuo kitadai

Hapa wazee wetu wana jambo la kutufundisha, nao walilifahamu kwa machozi. Tarehe 25 Desemba 1979 Mobutu alifuta noti za zaire 5 na 10. Watu wakapewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiwango kilichowekewa mpaka. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya 9,000%. Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha mwenyewe: faranga moja ilikuwa zaire za zamani bilioni 300. Mzazi aliyekuwa na kijitabu cha CADECO, benki ya akiba ya serikali, mwaka 1990, chenye akiba ya kumsomesha mtoto hadi udaktari, alibaki na kijitabu. Hakuna ndugu aliyewahi kukata kodi kama ile.

Ndiyo maana Kisangani mwenye akili anaweka dola. Ni sawa, lakini angalia mambo mawili. Kwanza, dola yenyewe. Noti ya 100 yenye mpasuko wa upana wa ukucha itarudishwa dirishani, na mtu wa kubadilisha pesa pembeni ya soko ataichukua kwa hasara yako. Usiikunje mara nne na kuifunga kwenye ncha ya kitenge. Iweke bapa, kati ya kurasa za daftari kubwa, mbali na mende na unyevu wa mto.

Pili, bei ya kubadilisha. Mwaka 2019 dola moja ilikuwa karibu na faranga 1,650. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Halafu mwaka 2025 ulipokaribia kwisha faranga ikapata nguvu kwa ghafla, na aliyekuwa na dola akakuta hazinunui faranga kama alivyotarajia. Usifuate uvumi wa soko. Uliza chuo: minervali imeandikwa kwa pesa gani, na bei gani ya kubadilisha inatumika kwenye dirisha la benki? Kilichoandikwa kwa dola kiweke kwa dola, kilichoandikwa kwa faranga kiweke kwa faranga. Pesa ya nauli na chakula kwa kawaida ni faranga.

Hatua ya 6: Siku yenyewe, fupisha njia

Toa asubuhi, lipa asubuhi hiyohiyo. Akiba isilale nyumbani hata usiku mmoja. Anayetoka Lubunga avuke mto na mtumbwi wa mapema, aende moja kwa moja benki ambako chuo kina akaunti, alipe, achukue bordero. Salamu za njiani ziwe fupi.

Bordero ndiyo pesa sasa, kwa hiyo itunze kama pesa. Soma jina la mwanafunzi, kitivo, mwaka wa masomo, kiasi, tarehe, muhuri. Kosa la herufi moja kwenye jina litakugharimu safari nyingi za ofisi hadi ofisi wakati wa mitihani. Tengeneza nakala mbili, piga picha kwa simu, halisi aishike mzazi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari: nunua daftari, na kila tranchi, yaani awamu ya malipo, iandikwe humo siku inapolipwa.

Usimpe mtu minervali mkononi, hata akiwa anafanya kazi chuoni, hata akiwa wa ukoo. Na silabasi? Wizara imekataza mara nyingi kumlazimisha mwanafunzi kununua silabasi ili apate alama. Mwanafunzi ajue kwamba katazo hilo lipo. Anayetaka kununua anunue kwa hiari, na pesa hiyo iwe imepangwa tangu mwanzo pamoja na kazi za mazoezi, stahji (mafunzo ya kazini), uchapaji wa TFC (kazi ya kuhitimu) na kupanga chumba. Mzazi anayepanga minervali peke yake amepanga nusu, na nusu nyingine itamrudisha kwa mkopeshaji.

Hatua ya 7: Dai asilimia mbili zako

Sasa turudi kwa mtoza kodi wa kwanza. Wenye mishahara wengi hawajui kwamba serikali inamtambua mtoto wao, kidogo lakini inamtambua. Sheria ya kodi za mapato ya 10 Februari 1969 iliweka kanuni ya kupunguza IPR kwa 2% kwa kila mtu anayekutegemea, mwisho watu 9: mwenzi, watoto wasiooa wala kuolewa, na wazee mnaoishi nao nyumba moja.

Tuseme mshahara unaotozwa kodi ni faranga 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, faranga 1,944,000 za kwanza zinatozwa 3%, ambayo ni 58,320. Zilizobaki 5,256,000 zinatozwa 15%, ambayo ni 788,400. Jumla ni 846,720. Kwa kanuni hiyo, ukiwa na mke na watoto watano, watu sita, unapunguziwa 12%: faranga 101,606 kwa mwaka. Hazisomeshi mtoto mwaka mzima, lakini zinalipa uchapaji, nakala na nauli ya mtumbwi kwa miezi mingi. Usipowaandikisha watu wako kwa mhasibu, pesa hiyo inakwenda na hairudi.

Ili umwandikishe mtoto unahitaji karatasi zake. Kwa Kanuni ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016, mtoto anaandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo unaingia njia ya mahakama, yenye gharama na foleni. Kwa hiyo akiba ya chuo inaanzia kwenye ofisi ya komini, mtoto akiwa bado mgongoni. Sheria mpya za kodi zilizotungwa mwaka 2023 zinapanga upya kodi za mapato, basi mwulize mhasibu wa kazi yako kanuni anayotumia mwaka huu, na umwombe akuonyeshe kwenye karatasi ya mshahara.

Hatua ya 8: Msaidie ndugu wa ng'ambo asikatwe kwa ajili yako

Ukoo wa Kisangani leo uko pia Des Moines, Portland na Montréal. Ndugu anayeishi Marekani huenda ana akaunti ya akiba ya masomo, iitwayo 529, ya watoto wake. Mpango huo ulianza mwaka 1996, na tangu 2002 faida yake ikitolewa kwa gharama halali za masomo ya chuo haikatwi kodi ya serikali kuu. Gharama halali ni ada, vitabu, vifaa, kompyuta, na chumba na chakula kwa anayesoma angalau nusu ya masaa kamili. Atoe pesa katika mwaka uleule wa kalenda anaolipa. Tena, kama anadai punguzo la kodi la elimu linalofika dola 2,500, dola 4,000 za ada anazozitumia kwa punguzo hilo asizihesabu tena kwenye 529. Dola moja haipewi huruma mara mbili.

Ukimpigia simu kumwomba minervali ya mpwa wake, usimwambie "Toa kwenye ile ya watoto." Chuo kinachohesabika ni kile kinachoruhusiwa kupokea mikopo ya wanafunzi ya serikali ya Marekani, na vyuo vya nje kwenye orodha hiyo ni vichache. Anaweza kumbadilisha mnufaika akamweka mtoto wa ndugu yake, ila huyo lazima awe na namba ya Kimarekani ya hifadhi ya jamii au ya kodi. Akitoa nje ya kanuni, mtaji wake hauguswi. Faida ndiyo inatozwa kodi ya mapato na 10% zaidi. Mfano: atoe dola 1,000, na 300 kati ya hizo ni faida. Akiwa kwenye kiwango cha 12%, kodi ni dola 36 na adhabu 30. Dola 66 zimepotea ambazo zingekuwa salama kama angetuma kutoka mshahara.

Aliyeko Kanada ana REEE, akaunti ya akiba ya masomo ya huko. Serikali inaongeza 20% juu ya dola 2,500 za kwanza anazoweka kila mwaka, yaani hadi dola 500 kwa mtoto mmoja. Wakati wa kutoa, faida na nyongeza zinahesabiwa kuwa mapato ya mwanafunzi, ambaye mara nyingi hana kipato cha kutozwa kodi. Lakini nyongeza ya serikali ni ya mkazi wa Kanada. Ya mpwa wa Kisangani itoke mfuko mwingine.

Hatua ya 9: Idai sheria yako mwenyewe

Kenya, mwenye bima ya elimu ya miaka 10 au zaidi anapunguziwa kodi 15% ya anacholipa, mpaka shilingi 60,000 kwa mwaka. Kama Nairobi wanaweza, Kinshasa wanaweza. Mbunge wenu akija kuomba kura kwenye uwanja wa Kabondo, msimwombe fulana. Mwombeni mambo mawili.

La kwanza ni la mwenye mshahara: minervali iliyolipwa kwa bordero ya benki ipunguze IPR, juu ya ile 2%. Bordero ina jina, tarehe na kiasi, na DGI haihitaji karatasi nyingine.

La pili ni la mama wa makayabu, na ndilo kubwa zaidi, kwa kuwa yeye hana IPR ya kupunguziwa. Punguzo la kodi humfikia anayelipa kodi ya mshahara tu. Mama analipa TVA kwenye sabuni, analipa ushuru wa meza sokoni, na hana anachorudishiwa. Huyu anahitaji nyongeza kwa mtindo wa Kanada: kwa kila faranga tano alizoweka kwenye akaunti ya masomo, serikali itie moja, na aweze kutoa mwezi wa kulipa bila makato ya benki. Karte yake inaonyesha kwamba anaweka kila siku huku akilipa 3.2%. Nchi ambayo mama wa soko anailipia akiba ya elimu kutoka mfukoni mwake haikosi wazazi wenye nia. Inakosa serikali ya kuweka mkono wake juu ya mkono wa mama huyo.

Sheria haitapita juma hili, lakini kazi ya juma hili unayo. Peleka vyeti vya watoto kwa mhasibu. Omba zamu yako ya likelemba iangukie mwezi wa kulipa. Fungua mfuko wa ukoo na uwatangazie jamaa. Mwite mtoto, mwambie kiasi na tarehe, kisha mwonyeshe daftari ambamo bordero yake ya kwanza itaandikwa.